Siku kivuli kinapopotea Malindi

Mwezi wa tatu Malindi una joto la kumlaza mtu mchana kutwa. Kaskazi imechoka, upepo hujui unatoka wapi, na sokoni embe za ngowe zimebaki za mwisho mwisho. Wavuvi hukiita kipindi hiki tangambili. Miaka mingi mimi na rafiki zangu wawili, mmoja Mombasa na mwingine Lamu, tulikuwa tukiandikiana neno moja tu: "Joto huku!" "Hata huku!" Basi, habari zimekwisha.

Ushauri wangu ni mdogo, lakini nimeujaribu. Ukimwandikia mwenzako habari za msimu, mpe kitu ulichokiona kwa macho yako, na siku, na saa. Joto kila mtu analo.

Sisi tulianza na kivuli. Malindi iko kusini ya ikweta kwa nyuzi tatu na kidogo, kwa hiyo karibu na tarehe 12 Machi jua, likiwa njiani kwenda kaskazini, hupita juu ya utosi wetu barabara. Mombasa huwa limepita kama siku mbili kabla, na Lamu hulipata kama siku mbili baada yetu. Nilipolijua hilo nikawaambia wenzangu: kila mmoja asimamishe kitu uani kwake tuone.

Mwaka wa kwanza nilikosea. Nilisimamisha chupa saa sita kamili, nikaona kivuli bado kipo, upana wa vidole viwili, kimelala upande wa magharibi. Nikawaandikia kwamba hesabu si kweli. Kumbe saa zetu zimefuata mstari wa longitudo ulioko mashariki yetu, baharini huko, na jua la Malindi mwezi huo hufika katikati karibu na saa sita na nusu. Ningeitega sikio adhana ya adhuhuri ningejua, maana haiadhiniwi mpaka jua lipinduke. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuiunganisha na kivuli.

Mwaka uliofuata nilitoka na chupa ile ile saa sita na dakika ishirini, nikachuchumaa nayo. Kivuli kilikuwa kikirudi chini ya chupa taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga, kisha kikatoweka. Mtoto wa jirani aliizunguka chupa mara mbili akikitafuta. Siku mbili baadaye rafiki yangu wa Lamu alisimamisha mchi katikati ya kinu, juu darini kwa bibi yake, akaniandikia: "Kivuli kimeingia kinuni, hakikutoka." Maneno yale ninayo mpaka leo.

Ukizoea kutazama kimoja, vingine vinakuja vyenyewe. Siku hizi mimi huenda mdomo wa mto Sabaki mwanzoni mwa Aprili kuwaangalia wale ndege wadogo wa ufuoni. Januari ni wa kijivu wote. Ifikapo Aprili baadhi yao wana vifua vyekundu kama tofali, wamekwisha kuvaa manyoya ya kwenda kutagia Siberia. Na huutazama udongo wa mto: wakati wa kaskazi mkondo huuvuta hadi ghuba yetu ya Malindi, kusi ikishika huupeleka upande wa Mambrui, kaskazini ya mto. Mzee mmoja mvuvi wa Shela ya hapa Malindi aliniambia, "Mwanangu, usiulize kusi imeingia lini, tazama maji mekundu yamegeukia wapi."

Jambo moja nalisisitiza: andika siku ile ile. Niliwahi kumbishia rafiki yangu wa Mombasa kwamba mvua za masika mwaka uliotangulia zilitukuta mfungo umekwisha. Yeye alikuwa na daftari, mimi nilikuwa na kichwa changu tu, na kichwa kilikuwa kimechanganya miaka miwili. Nilimuomba radhi. Sasa kalenda ya ukutani jikoni ndiyo daftari langu, na kalamu imefungwa kwa uzi pembeni yake.

Mwisho wa Septemba jua likirudi kusini zamu inageuka: Lamu kwanza, kisha mimi, kisha Mombasa. Rafiki yangu wa Lamu ameshaniuliza kama chupa yangu bado ipo. Ipo, nimeiweka dirishani.