Asasi yenu inataka kuwania tuzo? Anzieni kwenye daftari la ufuatiliaji

Tangazo la tuzo likitoka, asasi nyingi hukimbilia kutafuta mtu "anayejua kuandika". Kosa la kwanza ni hilo. Jaji ana jedwali la alama mbele yake, na kila jibu lenu linapewa alama kwa kigezo chake. Insha tamu isiyogusa kigezo hupata sifuri kama karatasi tupu. Siku ya kwanza kaeni na afisa ufuatiliaji na tathmini, yule anayetunza daftari la takwimu za miradi, siku ya pili na mhasibu. Mwandishi aje mwisho.

Kabla ya hapo, someni masharti mjue tuzo yenyewe huombwaje. Hilton Humanitarian Prize, tuzo ya Marekani kwa mashirika ya misaada, ambayo AMREF, shirika la afya la Nairobi, iliipata mwaka 1999 na SHOFCO, asasi ya jamii ya Kibera, mwaka 2018, haimpokei anayejipendekeza. Lazima mtu wa nje awapendekeze. Tuzo ya Nansen ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, aliyopewa Maggy Barankitse wa Burundi mwaka 2005, nayo ni hivyo hivyo. Kwenye tuzo za namna hiyo kazi yenu ni kumwandaa anayewapendekeza. Mpeni kurasa mbili za takwimu na majina ya watu wa kuulizwa, msimwachie abuni. Zayed Sustainability Prize ya Abu Dhabi, tuzo ya maendeleo endelevu, kwa upande mwingine, mnaomba wenyewe mtandaoni.

Halafu kuna tuzo za kuuziwa, na hizi zimeshamiri. Barua pepe inaingia: hongereni, mmechaguliwa kuwa asasi bora ya mwaka. Hamkuomba. Mkiuliza majaji ni nani hamjibiwi. Mkiuliza vigezo mnatumiwa bei ya "kifurushi", yaani kikombe, nembo ya kuweka kwenye tovuti na meza ya chakula cha jioni kwenye hoteli. Ada ya kuingia peke yake si dalili ya utapeli, maana tuzo halali nazo zipo zinazotoza. Pimeni kwa maswali matatu: majaji wanatajwa kwa majina? Washindi wa mwaka jana wanapatikana kwa simu na kukiri walichopewa? Kuna anayeshindwa? Tuzo ambayo kila aliyelipa anashinda, mfadhili makini anaijua, na nembo yake kwenye ripoti yenu itawaharibia.

Sasa moyo wa maombi: matokeo. Sentensi inayopoteza alama nyingi kuliko zote ni ya aina hii: "Tulitoa mafunzo ya akiba kwa wanawake 240." Hiyo ni shughuli. Jaji anauliza, kisha? Chukua mfano huo huo uupange upya: kati ya wanawake 240, waliokuwa wakiweka akiba kabla ya mafunzo ni 38, miezi 12 baadaye ni 171. Hapo kuna hali ya awali, muda na mabadiliko. Ongezeni kwamba 69 hawakuweka akiba, na sababu yake, mathalani walihama wakati wa kilimo. Wengi huficha sehemu hiyo. Jaji mzoefu akikutana na mradi uliofaulu kwa asilimia 100 hushuku takwimu zote zilizobaki.

Gharama nayo itapigiwa hesabu hata msipoiandika. Mradi wa shilingi milioni 36 ukigawanywa kwa wanawake 240 ni 150,000 kila mmoja. Ukigawanywa kwa 171 waliokuwa wakiweka akiba mwishoni ni kama 210,500. Andikeni zote mbili mseme mmezipataje. Tatizo ni kwamba takwimu za awali hazitengenezwi baada ya tangazo. Kama hamkuwahoji wanawake hao kabla ya mafunzo, basi mwaka huu chagueni mradi mwingine wenye takwimu, hata kama ni mdogo na haumpendezi mkurugenzi.

Chukueni wiki sita. Wiki mbili ziende kwenye takwimu, moja kwenye nyaraka, mbili kwenye kuandika na kufupisha, na ya mwisho apewe mtu asiyeujua mradi awasomee na kuuliza maswali. Swali likiruhusu maneno 300, msipeleke 340. Mifumo mingine hukata yaliyozidi bila kuwaambia, na mara nyingi kinachokatwa ni matokeo kwa sababu mmeyaweka mwisho. Yaanze.

Nyaraka huangusha asasi nzuri. Kwa kawaida zinaombwa cheti cha usajili, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu, ripoti ya mwaka na orodha ya wajumbe wa bodi. Tanzania, asasi iliyosajiliwa zamani kama kampuni huku ikifanya kazi za NGO ihakikishe imehamia kwa Msajili wa NGOs baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo cheti cha zamani kinaweza kuzua maswali. Kisha linganisheni namba: fomu ikisema wanufaika 240, ripoti ya mwaka 310 na tovuti "zaidi ya 500", jaji hatapiga simu kuuliza ipi ni sahihi.

Picha za wanufaika ziwe na ridhaa iliyoandikwa, na za watoto ziwe na ridhaa ya mzazi au mlezi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. "Alikubali kwa mdomo" haitoshi.

Saa ya mwisho isomeni mara mbili. Saa 11 jioni ya New York ni saa 6 usiku kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa 7 usiku wakati wa baridi, tarehe ikiwa imeshageuka. Pandisheni mafaili siku tatu kabla, PDF nyepesi, kila moja ikiwa na jina la asasi. Mtandao hupenda kukatika siku ya mwisho, sijui nani huuambia.

Mkiingia fainali, tarajieni simu au ugeni bila maandalizi marefu. Msiwafundishe wanufaika cha kusema; majibu ya kukariri husikika. Mkishinda fedha, bodi ipitishe matumizi yake kwa muhtasari ulioandikwa, na kwa Tanzania kumbukeni kwamba kanuni zinadai taarifa kwa fedha za ufadhili zinazozidi shilingi milioni 20. Mkikosa, andikeni barua fupi kuomba alama na maoni ya majaji. Wapo waratibu wanaotoa, lakini kwa anayeomba tu.