Vinundu kwenye mikaratusi: kabla hujanunua dawa

Jirani akinijia na tawi la mkaratusi lililojaa vinundu, huanza kwa kuniuliza anunue dawa gani. Nami humuuliza miche aliitoa wapi.

Anayeleta vinundu hivyo ni nyigu, ila usimtazamie yule anayejenga chini ya paa. Huyu urefu wake ni milimita moja na kidogo, wa hudhurungi mwenye mng'ao wa buluu na kijani. Kwao ni Australia, kama mikaratusi yenyewe. Huku magharibi mwa Kenya alionekana mwaka wa 2002, hata kabla wataalamu hawajampa jina. Hilo la Leptocybe invasa lilikuja 2004. Madume ni adimu. Jike hutaga bila kupandwa, kwa hiyo akiingia mmoja tu kitaluni, ukoo umeanza.

Hutaga kwenye mshipa wa kati wa jani changa, kwenye kikonyo na kwenye ncha laini za tawi. Hapo mti huvimba, na buu hukaa ndani akila. Uvimbe huanza ukiwa wa kijani, ukageuka waridi, kisha hudhurungi wenye vitundu kama vya sindano. Ukiona vitundu, wenyewe wameshatoka. Toka yai hadi nyigu kamili ni karibu miezi minne na nusu, na muda huo karibu wote amejifungia ndani ya mti. Dawa ya kunyunyiza itamfikiaje? Itakayowapata ni wale nyigu wengine wadogo wanaotaga ndani ya mabuu yake, yaani wasaidizi wako wa bure.

Basi kazi kubwa iko kitaluni. Kabla ya kulipa, geuza majani machanga ya juu, pitisha kidole gumba kwenye mshipa wa kati. Uvimbe mdogo utausikia kwa kidole kabla jicho halijauona. Ukikuta miche michache tu yenye vinundu, usichague ile inayoonekana safi, kwani huenda ina mayai tayari. Nenda kwingine. Mwenye kitalu atakwambia ni joto tu. Mwache na joto lake.

Uliza pia aina. Camaldulensis na tereticornis ndizo zinazoteswa zaidi. Chotara za grandis na camaldulensis hutofautiana sana, nyingine hudumaa kabisa, nyingine husonga mbele. Ule wenye harufu ya limau, kwangu haujaguswa. Changanya, shamba zima la aina moja ni kumwandalia karamu.

Ukishavuna fito, angalia visiki. Machipukizi yake ni laini na nyigu huyapenda mno. Kata yenye vinundu vya kijani au waridi, uyachome siku hiyo hiyo. Ukiyatupa kando ya shamba, waliokomaa watatoka vilevile.

Wapo ndugu walio Ulaya wanaonitumia picha za mialoni yenye vinundu vya mviringo, wakidhani ni balaa hili. Hao ni nyigu wa jamii nyingine, na mara nyingi mwaloni haujali. Kwa karne nyingi watu huko walitengeneza wino kwa vinundu hivyo. Na ukikuta uvimbe kwenye mche wa mvule, huyo si nyigu hata kidogo, ni mdudu mfyonza utomvu.

Mkaratusi uliokwisha kurefuka usiukate kwa hofu. Utachelewa kidogo, lakini nguzo utapata.