Jibu kwa aliyeuliza kama asubiri betri za yabisi kwa taa za dagaa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwenzetu wa Pangani ameuliza kama aahirishe kununua betri za lithiamu za taa zake za kuvulia dagaa, asubiri betri za yabisi, kwa kuwa ameambiwa kwamba haziwaki moto na zinajaa upesi. Mimi ni fundi wa betri na sola hapa Ngamiani, Tanga, huu ukiwa mwaka wangu wa 14, na naomba nimjibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili limenigusa mwenyewe.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina. Betri tunayoiita "kavu" madukani siyo betri ya yabisi. Ile ni ya risasi na asidi kama ya maji, ila asidi yake imenyweshwa kwenye nyuzi za kioo au imefanywa nzito kama uji, kisha betri ikafungwa. Betri ya yabisi inayozungumzwa sasa ni ya ukoo wa lithiamu, ila ndani yake kuna kitu kigumu mahali pa kimiminika.

Ukifungua seli ya kawaida ya lithiamu utakuta karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, karatasi ya alumini iliyopakwa unga wa kathodi, yaani upande wa chanya, na katikati utando mwembamba wa plastiki uliolowa kimiminika, ambamo ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, husafiri kwenda na kurudi. Kimiminika hicho kinashika moto. Miaka mitano iliyopita nahodha mmoja wa pale Deep Sea aliniletea sanduku la betri nililompangia mimi mwenyewe kwa seli za kompyuta zilizokwishatumika. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia, vibati vya kuunganishia vikaliwa na kutu, na shoti ikapiga usiku wakiwa kazini; walilimwagia maji ndoo kwa ndoo hadi likapoa. Seli moja ilikuwa imepasuka kichwani, imebaki ganda jeusi, na sanduku zima likinuka harufu tamu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nahodha aliniambia, "Fundi, mwanangu alikuwa amelala hatua mbili kutoka hapo." Tangu siku hiyo sijampangia mtu wa baharini seli za mitumba.

Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanaingoja betri ambayo kimiminika chake kimebadilishwa kwa kitu kigumu, kiwe cha jamii ya kauri, cha salfaidi (mchanganyiko wenye salfa) au cha plastiki maalumu. Faida haiishii kwenye moto: inatarajiwa kwamba kwa kitu kigumu tutaweza kutumia chuma cha lithiamu tupu mahali pa grafiti. Gramu moja ya grafiti hubeba mAh 372 (mAh ni kipimo cha kiasi cha umeme unaohifadhiwa), ilhali gramu moja ya lithiamu tupu hubeba mAh 3,860. Betri nzima haiwezi kukua mara kumi, kwa sababu kathodi na karatasi za chuma zinabaki na uzito wake, lakini nafuu ni kubwa. Lithiamu tupu ilikwishajaribiwa ndani ya kimiminika: seli za kampuni ya Moli Energy ya Kanada zilirudishwa kiwandani mwaka 1989 baada ya simu kuwaka moto, na Sony walipoingiza sokoni betri ya ioni za lithiamu mwaka 1991 walitumia kaboni mahali pa chuma hicho.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye mgusano. Kimiminika hupenya kila tundu na kujaza kila ufa. Weka marumaru mbili moja juu ya nyingine bila saruji, na utaona zinagusana sehemu chache tu; hivyo ndivyo yabisi inavyokaa juu ya yabisi. Zaidi ya hapo, lithiamu hujilundika betri inapochajiwa na kupungua inapotumika, kwa hiyo tabaka hupanda na kushuka kila siku hadi nafasi zinatokea na njia ya ioni inakatika. Maabara nyingi huzibana seli kwa megapaskali kadhaa ili zisiachane, na megapaskali moja ni kama kuweka kilo 10 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kubana namna hiyo kunaongeza vyuma na uzito.

Tena ugumu wa kauri hauzuii shoti kama wengi walivyotarajia. Ukichaji kwa kasi, lithiamu huota nyuzi nyembamba zinazopita kwenye nyufa na mipaka ya chembe za kauri, hadi zikafika upande wa pili. Kwa hiyo anayekuahidi kujaa upesi anakuahidi jambo lililo gumu sana.

Salfaidi hupitisha ioni vizuri sana. Ile iliyotangazwa na mtafiti Ryoji Kanno na wenzake huko Japani mwaka 2011 ilikaribiana na kimiminika. Lakini ikikutana na unyevu hutoa gesi yenye sumu, inayonuka mayai viza, harufu ile ile ya chemchemi za Galanos kule Amboni. Ndiyo maana hutengenezwa katika vyumba vilivyokaushwa hewa, na gharama hupanda. Zile za plastiki zilikwishatembea barabarani katika magari ya kukodi ya Autolib jijini Paris kuanzia mwaka 2011, ila zilihitaji kupashwa moto mpaka nyuzi 60 na zaidi ndipo zifanye kazi vyema.

Ndugu yangu wa Pangani, usisubiri. Toyota wenyewe wametaja 2027 na 2028 kwa magari, na bei ya mwanzo haitakuwa ya mvuvi. Nunua lithiamu ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, seli mpya 4 za volti 3.2 zikiwa na saketi ya ulinzi. Inastahimili joto kuliko zile za kompyuta, ingawa nayo ina kimiminika. Weka fyuzi karibu kabisa na ncha ya chanya, sanduku lisipitishe maji, na waya utokee upande wa chini ili matone yasiufuate kuingia ndani. Nahodha wangu anatumia hiyo sasa, na kila baada ya giza la mwezi ananiletea sanduku nilifungue, niangalie vibati.