Mkate wa kumimina wa bibi: kwa anayeanza kuupika mwenyewe

Wengi waliokulia Unguja, Tanga, Mombasa na kwingineko pwani walikalishwa juu ya mbuzi jikoni kwa bibi, wakakuna nazi huku yeye akihangaika na mkate wa kumimina. Ladha yake wanaijua, hata kwa macho watautambua mkate ulioharibika, ila kipimo hawana hata kimoja. Bibi hupima kwa jicho na kiganja. Kama bado unaye, usimwulize vikombe vingapi. Atakwambia utie kiasi. Weka mfuko wa sukari kwenye mizani kabla hajaugusa, upime tena akishamaliza. Fanya hivyohivyo kwa mchele na tui. La kumwuliza ni lingine: anaona nini hata akajua rojo limetosha uzito, au kwamba limeumuka vya kutosha? Hilo mizani haitakwambia.

Asiye na wa kumwuliza aanze na vipimo hivi, kwa sufuria ya upana wa sentimita 20 yenye kina kizuri: mchele vikombe 2 (gramu 400), tui zito kikombe 1 (mililita 250), sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, chumvi ya kuonja na ute wa yai 1.

Loweka mchele usiku kucha, kisha uuchuje hadi maji yaishe kudondoka. Hapa ndipo mikate mingi huharibikia. Mchele uliolowa umeshakunywa maji mengi. Ukiuingiza kwenye blenda na maji yaliyobaki bakulini, halafu ukatia tui lote, rojo huwa jepesi. Mchele hauna ule mvutano wa unga wa ngano unaoshikilia hewa ya hamira. Kinachoishikilia ni uzito wa rojo tu. Likiwa jepesi, mapovu hupanda juu yakapasuka, na mkate hulala. Basi tia tui kidogokidogo. Blenda ikikwama, ongeza kwa kijiko. Rojo likiinuliwa kwa upawa literemke kama utepe, na alama yake ionekane kidogo juu kabla ya kuzama. Saga hadi ukilisugua kati ya vidole usihisi chenga, kwa sababu chenga huzama na kufanya tabaka gumu chini.

Tui liwe vuguvugu. Kama huwezi kuacha kidole ndani yake bila kuungua, litaua hamira.

Sukari yote mapema au mwisho? Kila nyumba ina msimamo wake. Mimi nasema mwanzoni, hamira, iliki na chumvi zikiingia kwenye rojo, tia kijiko kimoja tu cha sukari cha kuamsha hamira, iliyobaki ingoje, kwa kuwa sukari ikiyeyuka hulegeza rojo, na ikiwa nyingi huichelewesha hamira. Funika. Kwenye joto la pwani saa moja kwa kawaida inatosha; sehemu za baridi kama Njombe au Limuru huenda ikafika saa mbili. Usifuate saa peke yake: rojo likijaa mapovu na kukaribia mara mbili, limefika. Ukilisahau litachacha, na mkate utabonyea katikati. Sasa tia sukari iliyobaki, kisha ute wa yai uliopigwa ukatoa povu, uchanganye taratibu kutoka chini kwenda juu.

Sufuria iwe ya moto kabla ya kumimina. Pasha vijiko 2 vya mafuta au samli kwa moto wa wastani, dondosha tone la rojo, lisipochachatika, subiri. Mimina, acha wazi dakika chache hadi kingo zishike na vitundu vianze kutokea juu. Ndipo ufunike na kupalia moto, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko.

Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, karibu mara mbili. Ya chini yanagusana karibu na sufuria, ilhali joto la juu linapita kwanza kwenye nafasi ya hewa chini ya mfuniko. Anayeanza hufanya kinyume, akapata mkate mweusi chini na mbichi katikati. Mfuniko uwe bapa wenye ukingo, na uuinue wima kwa koleo. Ukiuinamisha, majivu yote yanaingia kwenye mkate (na hayatoki). Usiufungue kabla ya dakika 20. Jiko la mkaa likae penye hewa, kamwe si chumbani palipofungwa, maana moshi wake usioonekana unaua. Mwenye oveni aweke nyuzijoto 180 kwa dakika 35 hadi 40, baada ya kuanzia juu ya jiko vilevile.

Choma kijiti katikati kitoke kikavu. Kikitoka na uji ilhali juu kumeshakuwa kahawia, punguza makaa ya juu, usiongeze ya chini. Zabibu kavu zitiwe uso ukishashika, la sivyo zitazama.

Usiukate wa moto. Wanga wa mchele hushikana ukipoa, kwa hiyo kisu kikiingia mapema hutoka na utando na mkate huonekana mbichi hata kama umeiva. Upe saa moja. Una tui, hivyo wakati wa joto ule siku hiyohiyo au uweke kwenye friji.