Bunduki Mpya Ikigoma: Namna ya Kudai Waranti Bila Kuzungushwa

Bunduki mpya haina sababu ya kukwama, lakini hukwama. Yangu ni ya kuwindia kulungu, ya bolti (kile chuma unachokivuta kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine), ya risasi za saizi ya .308, na niliinunua hapa Texas ikiwa bado na mafuta ya kiwandani. Tangu siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha ilikuwa inafyatua vizuri, kisha ukivuta bolti inarudi mikono mitupu. Ganda limebaki ndani, limeng'ang'ania. Hatimaye ilitengenezwa bila mimi kulipa kitu, ila kwa mzunguko mrefu kuliko ilivyostahili. Nawaandikia wenzangu wa huku Marekani, maana siku hizi tumekuwa wengi tunaoingia porini kila Novemba, na bado wengi tunaogopa kurudisha bunduki kiwandani kana kwamba tunajipeleka polisi.

Hakuna polisi hapo. Sheria ya shirikisho ya udhibiti wa silaha ya mwaka 1968 inamruhusu mwenye bunduki kuituma kwa kiwanda au fundi mwenye leseni, hata akiwa jimbo lingine, ili itengenezwe. Ikishakuwa tayari, sheria hiyo inaruhusu irudishwe moja kwa moja mlangoni kwako, na hujazi tena ile fomu ya 4473 uliyojaza siku ya kununua. Hata wakikupa nyingine ya aina ileile badala ya ile mbovu, fomu haihitajiki. Majimbo mengine yana masharti yao ya ziada, kwa hiyo waulize wenye duka wa jimbo lako. Kero iko kwenye usafirishaji: kampuni kubwa za vifurushi zimebana, hazitaki bunduki kutoka kwa mtu binafsi. Usiende kaunta na boksi lako. Piga simu huduma kwa wateja wa kiwanda, omba namba ya kazi na lebo iliyolipiwa nao, au mpe muuzaji mwenye leseni aitume.

Suala la viza nalipitia haraka, ila ni zito. Aliyeko kwa viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, hakubaliwi na sheria ya shirikisho kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa awe na ruhusa maalumu kama leseni hai ya uwindaji iliyotolewa hapa. Leseni ikiisha bunduki ikiwa bado mikononi mwako, una tatizo kubwa kuliko ganda lililokwama. Mwenye grini kadi hahusiki na katazo hilo.

Sasa tuje kwenye kiini. Duka lililoniuzia lilijitolea kuituma, na kwenye karatasi ya maelezo mtu wa kaunta akaandika neno moja: inakwama. Wiki kadhaa baadaye ikarudi na karatasi inayosema imekaguliwa, imejaribiwa, haina kasoro. Sikumlaumu sana fundi wa kiwandani. Ana foleni ya bunduki mezani, anafyatua risasi chache akiwa ndani ya jengo lenye kiyoyozi, mtutu haujapata hata joto, maganda yanatoka, anafunga faili. Kwa neno moja aliloandikiwa, angetafuta nini?

Mzee mmoja Mkongo ninayewinda naye aliposikia habari hizo aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, maganda yenyewe yako wapi?" Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa begi. Akayageuza juani, akanionyesha michirizi myembamba inayolizunguka ganda, na kwenye ukingo wa kitako chake mahali ambapo shaba imelika.

Iko hivi. Baruti inapolipuka, ganda hutanuka likabana kuta za chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Presha ikishuka, shaba hujirudi kidogo, ndipo kikucha cha bolti kinaweza kulivuta likatoka. Kama chemba imechongwa vibaya na kubaki na mikwaruzo ya mashine, shaba hubonyea ndani ya mikwaruzo hiyo na kushika. Kikucha kinavuta, kinateleza, kinamega ukingo. Mtutu ukipata moto mambo yanazidi. Kwa hiyo michirizi na ukingo uliomegeka ni ushahidi usiobishika, na umebebwa na ganda lenyewe. Tangu siku hiyo sitaki kusikia mtu amemwaga maganda ya bunduki mpya kwenye pipa la uwanja.

Mara ya pili niliongea na kiwanda mwenyewe. Barua yangu haikusema chemba ni mbovu. Ukimwendea daktari unamwambia panapouma, ugonjwa anautaja yeye. Nilieleza dalili: risasi za kampuni gani, uzito wa kichwa cha risasi, namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi, ilikwama risasi ya ngapi, mtutu ukiwa baridi au wa moto. Nilitumia risasi za kiwandani za kampuni mbili tofauti, ili wasije wakasema kosa ni la risasi. Zile za kujazwa upya nyumbani usiziguse kabisa wakati wa kujaribu, kwa sababu vitabu vingi vya maelekezo vinasema wazi kwamba zinafuta waranti. Niliambatanisha video fupi, picha ya risiti na picha ya namba ya bunduki. Maganda nikayatia kwenye mfuko wa plastiki wenye maandishi, baada ya kuuliza kwanza kama wanayapokea. Waliyapokea kwa furaha. Risasi nzima usiweke kamwe ndani ya boksi hilo.

Na wakati wa kukusanya ushahidi, uhai kwanza. Ukibonyeza triga ukasikia "ta" bila mlio, acha mtutu ukielekea shabaha, hesabu angalau nusu dakika kabla ya kufungua bolti, maana risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Risasi nzima iliyokwama ndani usiigonge kwa fimbo ya kusafishia. Mpelekee fundi.

Malalamiko ya kutolenga sawasawa yana njia yake, na hapo ndipo kampuni hutushinda kirahisi. Bunduki nyingi siku hizi huuzwa kwa ahadi ya dakika moja ya pembe, yaani matundu matatu ndani ya kama sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Kabla hujalalamika, kaza skrubu za darubini na zile zinazoshika mtutu kwenye kitako cha bunduki kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, halafu jaribu darubini nyingine unayoiamini. Mara nyingi mbovu ni darubini. Vilevile soma ahadi yenyewe: wengine wanaiwekea sharti la aina ya risasi na idadi ya milio.

Ila kama bunduki inafyatua yenyewe ukifunga bolti au ukiondoa seifti (kizuizi cha usalama cha triga), usijaribu tena hata mara moja kwa ajili ya video. Itoe risasi, ifungie, piga simu. Mwaka 2014 kiwanda cha Remington waliziita zirudi bunduki zao za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Mei 2006 na 9 Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kuguswa triga. Waliziita wenyewe. Tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, inayoweza kuamuru kibaniko cha mkate kirudishwe kiwandani, haina mamlaka juu ya bunduki. Bunge la Marekani liliizuia tangu miaka ya 1970. Ndiyo maana ni juu yako kuingia tovuti ya kiwanda na kuangalia namba ya bunduki yako kama imo kwenye orodha.

Kuna watu hukata tamaa wakikosa kadi ya waranti kwenye boksi. Sheria ya waranti ya mwaka 1975 hailazimishi kampuni kutoa waranti ya maandishi. Inasema tu kwamba ukiitoa, masharti yake yawe wazi. Kiwanda cha bunduki cha Ruger kwa mfano wamezoea kutoweka kadi, na kitabuni wanaitaja sheria hiyo kuwa ndiyo sababu, lakini bunduki zao mbovu wanazipokea na kuzitengeneza. Sheria hiyohiyo inazuia kampuni kukunyima waranti kwa vile tu umefunga darubini au mkanda wa kampuni nyingine. Triga uliyobadilisha mwenyewe ni habari nyingine, hapo usitegemee huruma.

Kabla ya kufunga boksi ondoa darubini, mkanda na kila ulichoongeza. Bolti iache iende na bunduki yake. Na tuma mapema. Septemba na Oktoba mafundi wamezidiwa, kila mtu amekumbuka bunduki wiki chache kabla ya msimu. Bunduki ya kununua Januari ijaribiwe Februari.

Yangu iliporudi karatasi ilisema chemba imesuguliwa na kikucha kimebadilishwa. Dai karatasi ya namna hiyo. Linganisha namba ya bunduki na ile ya risiti, na kama wamekupa nyingine, hifadhi barua inayoonyesha namba zote mbili, utaihitaji siku ukiiuza au ikiibwa. Kisha rudi uwanjani uilenge upya.

Wakikukatalia kabisa, muuzaji naye bado anabeba dhamana ambayo sheria za majimbo mengi humtwika bila kuandikwa, kwamba alichokuuzia kinafaa kwa kazi yake, isipokuwa awe ameikana kwa maandishi. Mwandikie barua rasmi, mpe muda. Hapa Texas mahakama ndogo inasikiliza madai ya hadi dola 20,000, na huhitaji wakili. Rafiki yangu mmoja wa Dallas hakufika huko. Duka lilipoona barua lilimrudishia hela yake.