Karatasi ilisema nina kaswende

Juzi dada mmoja wa Malindi mwenye lupasi, maradhi ya kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ameniandikia: "Nina lupasi, na kliniki ya wajawazito wamenipima wakasema nina kaswende. Mume wangu hajui. Nifanyeje?" Nilisoma chapati ikiwa jikoni, ikaungua.

Maana hayo yalinipata mimi hapa Lamu, mimba yangu ya tatu, mbili za kwanza zimeshatoka. Muuguzi aliandika VDRL, kipimo cha damu cha kaswende, 1:4, yaani kimeshika, akapiga mstari mwekundu, akaniambia mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi: "Mlete na mzee." Mume wangu aliisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kabati, akaenda kulala kwa mamake siku tisa. Mavyaa hakuniuliza neno, ila aliacha kunywea gilasi za kwangu. Hilo sijalisamehe, tusidanganyane.

Sindano za penisilini tulidungwa sote wawili. Kosa langu ni kwamba sikutaja lupasi, nikidhani ni mambo ya viungo na ngozi tu.

Daktari wa Mombasa ndiye aliyeuliza kama nimepimwa TPHA, kipimo kingine cha kaswende. Akanieleza kuwa VDRL haimtafuti mdudu wa kaswende. Inatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, zinazoshika kadiolipini, mafuta yanayotolewa kwenye moyo wa ng'ombe, na mwili wenye lupasi huweza kuzitengeneza wenyewe, hata kwa mwanamke asiyemjua mwanamume. TPHA hutafuta kingamwili za mdudu mwenyewe. Yangu ikatoka safi.

Lakini hakuishia hapo, Mungu amjaze kheri. Kumbe kingamwili za namna hiyo huweza kugandisha damu na kuharibu mimba. Akapima, akarudia baada ya wiki 12, zikawa zipo. Tangu kipimo cha kwanza nikawa nameza aspirini ndogo na kujidunga heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tumboni kila siku. Mwanangu leo anafukuzana na punda vichochoroni Langoni.

Basi dada, sema una lupasi kabla hujatolewa damu. Omba TPHA. Wala usiitupe karatasi ukisingizia lupasi, kwani kaswende ya kweli huua mtoto tumboni, pima. Nanyi waume, ulizeni daktari kabla ya kukimbilia kwa mama zenu. Nasema tena: omba TPHA.

Ile karatasi ingali juu ya kabati. Mume wangu ameniomba mara mbili niichome.