Cheni bloku ya tani 1 na injini ya Dyna: tazama juu kwanza

Yakhe, umeuliza kama cheni bloku yako ya tani 1, ile mashine ya kunyanyulia mizigo kwa kuvuta mnyororo kwa mkono, itatoa injini ya Dyna, lori dogo la Toyota, ukiitundika kwenye mwembe wa uani hapo Wete. Uzito si tatizo. Injini ya dizeli ya gari ile, hata ukiitoa na giaboksi yake, haifiki nusu tani.

Tatizo ni huo mwembe. Tawi huoza ndani na nje likaonekana zima. Kule Mwanakwerekwe nimeshuhudia injini ikishuka pamoja na boriti, cheni bloku yenyewe nzima kabisa! Bahati nzuri injini iliangukia rejeta, si mtu. Badala ya mti, chomelea miguu mitatu ya mabomba mazito ya chuma ya kuitundikia, nyayo uzifunge mnyororo zisitanuke, na kama uani ni mchanga weka mabamba chini yake.

Sasa hiyo cheni bloku yenyewe. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula kila chuma, basi mtu akiona kutu anaimiminia oili chafu mashine nzima. Mnyororo upake, sawa. Lakini ndani mna breki ya msuguano; zile bamba zikilowa oili, mzigo unateleza wenyewe. Ijaribu hivi: nyanyua injini shibiri moja tu, acha mnyororo wa mkono, piga alama ya chaki kwenye mnyororo wa mzigo pale unapoingia ndani, ukanywe chai. Ukirudi chaki imesogea, shusha, usiitumie. Na ule mlio wa ka-ka-ka wakati wa kupandisha ndio uzima wake. Ikinyamaza, ujue ule ulimi wa ndani unaozuia gurudumu la meno lisirudi nyuma hauumi meno.

Kulabu iliyopanuka mdomo ni ya kutupa. Usiipashe moto ukaigonga irudi, chuma kinapoteza nguvu.

Mkanda wa miguu miwili, ule unaofunga injini kwenye kulabu, usiwe mfupi. Miguu ikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa injini, kila mmoja unavutwa kwa uzito wa injini nzima, si nusu kama wengi wanavyodhani. Ipe nyuzi 60 au zaidi.

Bolti za chini zifunguliwe zote injini ikiwa bado imekaa kwenye jeki, maana vijana wetu hawa ndio wanapenda kujipenyeza chini kumalizia ya mwisho. Ikishapanda, usiiyumbishe, sukumeni gari irudi nyuma, kisha ishushe papo hapo juu ya magogo.